Kisima changu cha Kunduchi kimegeuka chumvi, na aliyekiharibu ni mimi mwenyewe

#1 Babu Mkwaju

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi huu nimeukalia muda mrefu kwa aibu, leo nautoa. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mwaka 2011 nilichimba kisima nyumbani Kunduchi, Dar, upande wa baharini, kama mita mia saba kutoka ufukweni. Bomba la mtandao wa maji wa jiji lilikuwa halijafika mtaani kwetu. Mashine ikaja, ikashuka mita 52, maji yakatoka. Fundi alikinga kwa kikombe cha bati, akaonja, akanipa na mimi. Baridi kabisa. Mke wangu akasema haya ni ya mto Ruvu yamepotea njia. Maabara wakapima chumvichumvi zote zilizoyeyuka humo, jumla miligramu 410 kwa lita. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, maji yaliyo chini ya 600 ladha yake ni nzuri, yakipita 1,000 mdomo unaanza kulalamika.

Miaka kumi na moja tumeyanywa hayo. Nyumbani tuko saba na ng'ombe mmoja, tunatumia kama lita 1,500 kwa siku. Pampu yangu inatoa lita 3,000 kwa saa. Nusu saa alfajiri, tanki limejaa, nazima.

Ikaja Oktoba 2022. Vuli iligoma, Ruvu ikashuka, mgao ukatangazwa, jiji zima likawa la madumu. Usiku mmoja saa mbili boza likasimama getini kwangu. Dereva akashuka, salamu za heshima zote: "Shikamoo mzee, nasikia hapa kuna kisima." Nikamjazia lita elfu kumi. Akanihesabia pesa taslimu mkononi, noti zikiwa bado na joto la mfukoni. Kesho yake wakaja wawili. Baada ya wiki nilikuwa na foleni ya maboza matano kwa siku, pampu inaunguruma saa kumi na sita, kumi na saba, nanunua luku kama nanunua vocha. Nilijiambia nasaidia watu. Kweli nilisaidia. Lakini pia nilipaua banda la uani na kulipa ada ya chuo ya binti yangu, sitaki kuwadanganya.

Hiyo ilikwenda wiki sita. Mvua zikarudi, mgao ukaisha, maboza yakapotea.

Februari 2023, asubuhi, mke wangu akatia maziwa kwenye chai, yakakatika. Akamlaumu muuza maziwa. Kesho yake akanunua kwa mwingine, yakakatika tena. Sabuni ikaanza kugoma kutoa povu. Mchicha ukaungua kingo za majani, kama mtu kapitisha kiberiti. Nikapeleka maji maabara: 1,760. Mwaka jana 2,140.

Kampuni moja ya kuchimba, jina nalihifadhi, ilinishauri niongeze kina hadi mita 90 "kuikimbia chumvi". Mwingine kaniuzia unga wa kumwaga kisimani. Nilimwaga. Maji yakawa ya chumvi na yenye unga.

Swali langu kwa wanaojua: kitarudi? Na je, ni mimi kweli niliyekiua, au bahari ilikuwa inakuja hata bila mimi?

#2 Kidume cha Goba

Mzee umewauzia watu mpaka bahari yenyewe ikasema na mimi nimo 😂😂

Utani pembeni. Usijibebeshe mzigo usio wako. Bahari ya Hindi nzima haiwezi kusogezwa na pampu ya mtu mmoja wa Kunduchi. Hapo kuna mahoteli, kuna magereji ya kuoshea magari, kuna mafyatuzi ya tofali. Wewe umeuza wiki sita, wao wanavuta mwaka wa ishirini huu.

#3 Kokoto Nne

Mimi ni fundi visima, nimeanza kubeba mabomba ya mashine nikiwa kijana. Nijibu kwa utaratibu, na Kidume wa Goba anisikilize vizuri maana amesema nusu ya ukweli.

Chini ya Dar, hasa ukanda huu wa pwani, ukichimba unakutana kwanza na mchanga. Huo mchanga una maji, na juu yake hakuna kizuizi: mvua inaingia, choo kinaingia, kila kitu kinaingia. Chini ya hapo kuna udongo wa mfinyanzi. Chini ya mfinyanzi kuna mchanga mwingine, nao una maji, mara nyingi safi kuliko ya juu. Tatizo ni kwamba ule mfinyanzi haukutandikwa kama zulia msikitini. Kuna mahali ni mnene, kuna mahali umekuwa mwembamba, kuna mahali haupo kabisa. Ndiyo maana wewe unapata maji baridi na jirani wa nyumba ya pili anapata ya magadi, mnaanza kusingiziana uchawi.

Sasa bahari. Maji ya bahari ni mazito. Lita moja ya maji baridi ni kilo moja, lita ya bahari ni kilo 1 na gramu kama 25. Kwa hiyo chini ya ardhi maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi. Hakuna ukuta kati yao. Kinachoizuia bahari isiingie ni uzito wa maji baridi yaliyosimama juu ya usawa wa bahari, basi. Ukipunguza uzito huo, bahari inasogea.

Na inapanda pale pale unapovuta. Ukivuta kwa nguvu sehemu moja, maji baridi yanashuka kama bonde kuzunguka bomba lako, na chumvi iliyoko chini inapanda kama kichuguu. Haihitaji bahari yote isogee. Kichuguu chako tu kinatosha. Kwa hiyo Babu, jibu la swali la pili: mtaa mzima umeisogeza bahari polepole, lakini kichuguu kilicho chini ya pampu yako umekijenga wewe kwa saa kumi na saba kwa siku.

#4 Mwl wa Zamu

Naongezea hesabu kwa alichosema Kokoto, maana wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka niwaandikie ubaoni.

Kuna kanuni ya zamani ya Mholanzi Ghyben wa mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg akaifikia kivyake mwaka 1901. Inasema hivi: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama 40 za maji baridi chini ya usawa wa bahari kabla hujakutana na chumvi. Inatokana na ule uzito tu, gramu 25 kwa kilo moja ni moja ya arobaini. Igeuze sasa. Ukishusha maji yako kwa sentimita 50, chumvi ina ruhusa ya kupanda mita 20. Si kesho asubuhi, inachukua muda, na matabaka ya mfinyanzi yanaweza kuchelewesha. Ndiyo sababu Babu aliuza Novemba na chai ikakatika Februari.

Hesabu ya pili. Tuseme kiwanja chake ni mita za mraba 800. Dar inapata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka, masika na vuli pamoja. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kiwanja kinaangukiwa na lita 800,000. Nyingi inarudi angani au inakimbilia mtaroni. Kwa kukisia tu, tuseme moja ya kumi inazama hadi kwenye maji ya chini: lita 80,000. Familia inatumia 1,500 mara siku 365, yaani lita 547,500.

Mmeona? Hata kabla ya boza la kwanza Babu alikuwa anakunywa mvua ya viwanja karibu saba. Maji aliyokuwa anayaita ya kisima chake yalikuwa ya majirani, ya viwanja vitupu, ya vichaka vya juu huko. Na zile wiki sita, lita elfu hamsini kwa siku, zinafika lita 2,100,000. Ni mgao wa kiwanja chake wa miaka 26.

#5 Kidume cha Goba

Mwalimu kwa hiyo tusinywe maji?

#6 Mwl wa Zamu

Kunywa. Nimekuonyesha unakunywa ya nani.

#7 Mama Pacha

Nimesoma nikacheka, halafu nikanuna. Babu, mimi niko Vingunguti. Hayo maboza yako niliyanunua mimi. Yalikuwa yanamwaga kwenye tanki la jamaa mmoja, sisi tunapanga ndoo kuanzia saa tisa usiku, na bei ya dumu ilipanda kila ilipopambazuka. Sikulaumu kwa kuuza, tungekufa kiu. Ila leo naona mnaongelea chumvi kana kwamba ndiyo balaa peke yake la visima.

Huku kwetu kisima kiko hatua sita kutoka choo. Nimezihesabu: sita. Nyumba zimebanana, ungekiweka wapi? Masika ikifika kuna watu wanatapisha vyoo usiku, uchafu unashuka na maji ya mvua kuelekea mto Msimbazi, na mengine yanazama palepale. Kipindupindu cha 2015 tulikiona kwa macho. Sasa kila mtu anajua kuchemsha. Lakini dada mmoja wa afya alikuja akatuambia kuna kitu kinaitwa naitreti, kinatoka vyooni, hakina harufu, hakina rangi, na ukichemsha hakiondoki. Kinabaki kwenye sufuria, tena maji yakipungua kinakuwa kikali zaidi. Kibaya kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kujifungua mapacha, maziwa hayatoshi, nakoroga kopo kwa maji ya kisima niliyochemsha dakika kumi kwa mkaa wa kununua. Nilikaa chini.

Sasa nanunua ya bomba kwa kuoshea vyombo vya watoto na kupikia, ya kisima nafulia na kudekia. Naombeni wataalamu mseme, hiyo ni sawa?

#8 Kokoto Nne

Mama Pacha, dada wa afya kakwambia kweli tupu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za naitreti kwa lita, na kinawalenga hasa hao wachanga. Ulivyogawanya matumizi ndivyo ningemshauri mke wangu. Kufulia na kudeki hakuna shida.

Na hapa niwaseme wenzangu wa kazi. Kisima kizuri kikipita ule mfinyanzi, ile nafasi kati ya ukuta wa shimo na bomba inatakiwa izibwe kwa saruji au udongo maalumu unaovimba, ili maji machafu ya mchanga wa juu yasitelemke pembeni ya bomba. Mafundi wengi hawazibi. Mfuko wa saruji wanaurudisha kwenye gari. Ukifanya hivyo umetoboa ule mfinyanzi Mungu aliouweka, umefungua mlango, choo cha mtaa mzima kinashukia kwenye maji ya chini. Kisima kibovu kimoja kinachafua visima vizuri vya watu wengine.

Mteja naye haulizagi. Anauliza mita ni shilingi ngapi tu.

#9 Popo wa Magomeni

Naomba kuuliza kitu, msinicheke. Jirani yetu kisima chake kilikauka, au pampu ilikwama, sijui. Ni kile cha mashine, kirefu. Sasa amekigeuza karo la choo. Kaunganisha bomba la choo moja kwa moja humo ndani. Anasema ni bora kuliko karo la kujenga, halijai. Mwaka wa nne huu na kweli halijai.

#10 Kokoto Nne

Astaghfirullah.

#11 Babu Mkwaju

Halijai kwa sababu mnalinywa.

#12 Mama Pacha

Babu umenimaliza 😭

#13 Kokoto Nne

Nimeacha chakula. Popo, nisikilize. Karo la kawaida lina msaada: uchafu unapita kwenye mchanga polepole, wadudu wengi wanafia njiani. Huyo jirani yako ameruka njia yote, anamimina choo moja kwa moja mezani. Kisima kilichokufa kinazikwa: unatoa pampu, unajaza kokoto na mchanga upande wa chini, halafu mfinyanzi au saruji hadi juu, unafunika. Mwambieni kwa upole kwanza, kupitia mjumbe. Asiposikia nendeni kwa bwana afya wa kata. Na nyie mnaochota karibu, acheni leo hii.

#14 Pantoni la Saa Kumi

Mimi wa Kigamboni, naona mnatisha watu. Huku Kimbiji na Mpera kuna visima vimechimbwa vya mamia ya mita, vya majaribio vilifika mita 600, na maji ni matamu. Novemba 2022 wakati nyie mmekauka, maji ya visima vya Kigamboni ndiyo yalivushwa kuja huko mjini, mradi wa lita milioni 70 kwa siku. Sasa hapo chumvi iko wapi?

#15 Mwl wa Zamu

Mkuu Pantoni, hayo ni maji ya tabaka jingine kabisa, mchanga wa kale ulioko chini sana, ni hazina ya kweli. Lakini maji ya kina hicho hayajazwi na masika ya mwaka huu. Yalikusanyika kwa muda mrefu mno. Ni kama ghala la mpunga la babu: unaweza kula, ila hesabu magunia. Na Kigamboni imezungukwa na bahari kuliko Kunduchi.

Mimi ningependa yale yawe ya akiba, siku Ruvu ikianguka tena kama 2022 au kama ukame wa 1997, ambapo serikali nayo ilikimbilia kuchimba visima vya dharura hapa jijini. Tazameni jinsi tulivyo. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196, Mtoni kwenye mto Kizinga milioni 9. Karibu yote inategemea mto mmoja unaotoka Uluguru. Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, ambalo mkataba wake ulisainiwa 2022, ni la kuhifadhi lita bilioni 190 ili mto usikauke kiangazi. Likijaa tutapumua. Lakini sensa ya 2022 ilituhesabu 5,383,728, na hatujaacha kuzaana.

#16 Kidume cha Goba

Sawa, sasa mmefika kwenye pointi yangu. Mtandao uje kwanza! Mimi Goba nimejenga 2016, nimeomba kuunganishwa, nimejaza fomu, nimesubiri. Nikachimba. Leo mnaniambia navuta mvua ya majirani. Sasa ningeoga na nini, na uzalendo? Halafu utasikia kuna kibali. Kibali cha maji yaliyoko chini ya kitanda changu!

#17 Babu Mkwaju

Kidume, hasira zako nazielewa, nilikuwa nazo hizohizo. Lakini kwenye kibali umekosea. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 maji ya chini ya ardhi ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya kitanda. Wanaosimamia kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, makao yake Morogoro. Anayechimba awe na leseni, na anayevuta maji ya biashara awe na kibali cha kutumia maji. Mimi sikuwa nacho. Nilikuwa nauza mali ya umma kwa foleni, na risiti sikutoa.

Nilikuwa nadhani kibali ni cha kutuchukulia hela tu. Sasa naona kazi yake nyingine. Laiti kuna mtu angenijia mwaka ule akaniambia mzee, hapa kwako mwisho lita kadhaa kwa siku, na weka mita, ningemtukana. Ila kisima kingekuwepo.

#18 Kidume cha Goba

Hapo sawa, lakini aje na bomba mkono wa pili.

#19 Kokoto Nne

Turudi kwa mgonjwa. Babu, kitarudi? Kinaweza kurudi kiasi, kwa miaka, si kwa miezi. Chumvi huingia haraka kuliko inavyotoka. Usichimbe mita 90. Inawezekana kweli chini ya mfinyanzi kuna maji baridi, lakini hilo linasemwa na kipimo, halisemwi na mtu anayetaka kukuuzia mita. Kuna kipimo cha kupitisha umeme ardhini: maji ya chumvi yanapitisha umeme kirahisi, mchanga wenye maji baridi unaubania. Mtu akipima na kukuonyesha karatasi, mzungumze. Akikuonyesha mdomo, mfungulie geti.

Fanya hivi. Pandisha pampu juu. Kama imeninginia mita 48, ilete hata mita 30 ukikuta maji yanaruhusu, na sehemu ya chini ya kisima izibwe, maana kichuguu kinatokea huko. Vuta kidogokidogo, dakika kumi, pumzisha saa kadhaa, tena dakika kumi. Usijaze tanki kwa mkupuo. Na pima usawa wa maji kila wiki, uandike.

Unga usimwage tena. Na ile mashine ya kuchuja chumvi ukishawishiwa, uliza kwanza yale maji makali yanayobaki utayapeleka wapi. Ukiyarudisha kwenye karo, umeirudisha chumvi nyumbani.

#20 Mwl wa Zamu

Na paa, Babu. Una paa la mita za mraba ngapi? Tuseme 150. Ukipata asilimia 80 ya mvua ni lita 120,000 kwa mwaka. Kwa matumizi yenu ni siku 80 ambazo pampu imelala. Mvua ya kwanza iache imwagike, inaosha kinyesi cha kunguru na vumbi la bati.

Kingine, pevingi. Samahanini wenye nyua nzuri. Kila anayejenga Dar siku hizi anaziba uwanja wote kwa pevingi, halafu analalamika mafuriko mlangoni na kisima kukauka. Yale maji ya mafuriko ndiyo yale ya kisima. Acha hata kona ya bustani, chimba shimo, jaza kokoto na mchanga, elekeza maji ya paa yaliyozidi yazame humo. Shimo, sio kisima chenyewe! Asije mtu akatumbukiza bomba la paa kwenye kisima kama yule jirani wa Popo.

#21 Mama Pacha

Mnaongea na wenye viwanja vya mita 800. Sisi paa letu ni mabati kumi na mawili na tunaligawana wapangaji watano.

#22 Mwl wa Zamu

Umenikamata, Mama Pacha. Kwa Vingunguti jibu langu ni bomba la mtandao na mfereji wa majitaka, na hayo hayajengwi na mpangaji. Nikisema vinginevyo nitakuwa nakudanganya.

#23 Popo wa Magomeni

Mrejesho: tumeenda na mjumbe. Jirani amekasirika, kasema tunamwonea wivu kwa karo lisilojaa. Bwana afya anakuja Alhamisi.

#24 Babu Mkwaju

Wakuu, miezi minne imepita, nimerudi kama nilivyoahidi kimoyomoyo.

Kokoto Nne nimefuata ushauri. Pampu imepanda hadi mita 31, chini kumezibwa. Nina kamba ya fundi cherehani niliyoiunga kwenye kamba ndefu ya nailoni, mwisho wake nimefunga nati kubwa. Kila Jumamosi baada ya alfajiri naishusha taratibu kwenye kitobo cha pembeni, sikio nimelilaza kwenye bomba. Nati ikigusa maji inalia tup, kasauti kadogo sana, siku ya upepo wa kusi sikisikii mpaka nirudie mara tatu. Nashika kamba kwa kidole, natoa, napima, naandika kwenye daftari la zamani la hesabu la binti yangu. Wiki ya kwanza maji yalikuwa mita 11 na sentimita 40 chini. Baada ya masika, mita 10 na sentimita 95. Wajukuu wanadhani nimechanganyikiwa.

Chumvi imeshuka kutoka 2,140 hadi 1,890. Bado hayanyweki, na chai tunapikia ya bomba, maana bomba lenyewe sasa limefika mtaani, linatoka siku tatu kwa wiki. Lakini mchicha mpya haujaungua.

Nimewazungukia majirani wanne wenye visima na daftari langu. Wawili wamekubali kupima Jumamosi kama mimi. Mmoja kaniuliza nalipwa na nani. Wa nne ni yule mwenye sehemu ya kuoshea magari. Alinisikiliza hadi mwisho, akaninunulia soda, halafu akaniambia, "Mzee, ulivyokuwa unajaza maboza wewe, nilikuja kukuuliza?" Sikuwa na jibu. Nimekunywa soda, nimeondoka. Nitarudi kwake mwezi ujao.

#25 Kidume cha Goba

Babu mimi kimya kimya nimenunua kamba. Goba kwangu nati haigusi maji hadi mita 38, nilidhani nimeipoteza.

#26 Kokoto Nne

Andika hiyo 38. Mwakani utaitafuta.

#27 Mgeni Njiani

Wakuu nimesoma uzi wote kimya tangu juzi. Kuna kipimo cha chumvi cha mkononi kinachofanana na kalamu, kinauzwa wapi?

#28 Babu Mkwaju

Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya maji. Nenda na chupa mbili, moja ya maji ya kunywa na nyingine umekoroga chumvi ya jikoni. Jaribu vipimo vitatu mbele ya muuzaji. Changu cha kwanza kilikuwa kinasoma 300 hata kwenye soda.